Wizi wa dizeli kwenye gari: traka, sensa ya tangi au daftari?

Bububu_Hiace: Asalaam alaykum jamani. Nina Hiace 4 za dizeli na koasta moja, zinapeleka wageni Nungwi, Kiwengwa na Paje. Mafuta yananimaliza. Gari aina moja, njia moja, lakini moja inakula kuliko wenzake na dereva wake hakosi sababu, mara foleni Darajani, mara wageni wamechelewa uwanja wa ndege ikabidi aache esi inawaka. Jamaa mmoja kanambia traka, ile ya kuonesha gari iko wapi, inatosha, mwengine anasema bila ya sensa ndani ya tangi natupa pesa. Nani katumia?

FundiWete: Waalaykum salaam. Traka peke yake haioni mafuta sheikh. Itakwambia gari ilikuwa wapi, imesimama muda gani, injini inawaka au imezimwa, basi. Hiyo hadithi ya esi utaihakikisha, ya kunyonya mafuta kwa mpira kwenye tangi hutoijua. Wapo wanaounga traka na waya wa geji ya mafuta, rahisi, lakini boya la tangini linaloendesha geji halina adabu, na huku Pemba milima tupu, gari ikipanda mafuta yanahamia upande mmoja, simu inapiga kelele umeibiwa. Bora sensa ya fimbo, inayopima kimo cha mafuta ndani ya tangi. Unatoboa tundu juu ya tangi, fimbo inakatwa kwa kimo cha tangi, halafu tangi likamuliwe mafuta yote litiwe lita tano tano huku fundi anaandika namba, maana tangi halijanyooka kama boksi, lita 5 za chini hazipandi sawa na 5 za katikati. Fundi akikwambia hakuna haja, mwambie kwaheri.

Mama_Usafiri: Mie ninayo kwenye mbili. Mafuta yakishuka ghafla na gari imezimwa hapo hakuna maneno. Lakini kuna anaechota kwenye paipu ya kurudishia, ile inayorejesha dizeli ya ziada tangini. Injini inawaka, mafuta yanashuka taratibu, utadhani gari ina ulaji tu.

Hesabu_Mjini: Na wizi wa sheli jee? Risiti inasema 50, tangini imeingia 43, dereva na mpiga pampu wanagawana. Bei ZURA, mamlaka ya nishati na maji Zanzibar, inaitangaza, hapo hawakuwezi, wanakuweza kwenye lita. Sensa inasaidia sana hapo, linganisha na risiti tu. Ila kabla hujatoa pesa, jaza mpaka juu, andika kilomita, gari ifanye kazi, rudi sheli ile ile pampu ile ile ujaze tena mpaka juu, usimame mwenyewe. Lita zidisha kwa 100, gawa kwa kilomita. Fanya gari zote kisha badilisha madereva. Ulaji ukimfata dereva ushajua, ukibaki na gari basi angalia nozeli, filta ya hewa na breki zinazokamata.

Bububu_Hiace: Ya kubadilisha madereva sikuiwaza wallahi. Na ule wavu wa mdomo wa tangi?

FundiWete: Unazuia mpira wa juu tu, plagi ya kumwagia chini ya tangi ipo wazi vile vile. Itie sili yenye namba. Ukifunga sensa, na kiungo cha waya wake kitie sili, nishaona waya "umekatika na mashimo" na umechomolewa vizuri kabisa.

Bububu_Hiace: Jumamosi nawabadilisha, siwaambii sababu.

Mama_Usafiri: Hahaha, watajua kabla ya Ijumaa.