Nakala ya upanga wa afisa wa Uingereza: 1796 au 1897?

Kozi_Bahari: Salaam wakuu. Mwisho wa mwezi naagiza nakala ya upanga wa afisa wa jeshi la Uingereza. Nimebakiwa na miwili: wa wapanda farasi wepesi wa 1796, uliopinda, na wa askari wa miguu wa 1897, ulionyooka. Nichukue upi?

Mzee wa Ala: Wa kazi gani, kijana? Hujataja bei, hujasema uko wapi, wala kama utautundika au utaupunga.

BintiTaa: 1897, bila kusita. Tazama kikingio chake cha mkono, chuma kilichotobolewa nakshi na herufi za mtawala katikati. Mpini wa asili umevikwa ngozi ya samaki taa na kuzungushiwa waya. Ukikuta plastiki, rudisha.

KutuNaChuma: Mimi 1796 ulinitia hofu. Niliununua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, picha zinang'aa kweli. Nikauzungusha uani mara moja tu, bapa likachomoka mpinini, likaruka na kujikita kwenye ua, hatua mbili kutoka alipokuwa mwanangu. Nilipofungua mpini nikakuta mkia, yaani chuma cha bapa kinachoingia mpinini, mwembamba kama penseli, umechomelewa kwenye bapa, na umekatikia hapohapo penye weldi. Muuzaji akajibu ni pambo, hela hairudi. Usiku ule sikulala. Uliza kwanza: mkia na bapa ni chuma kimoja?

Kozi_Bahari: Samahani wakuu. Niko Leicester, nina paundi 200, ni wa kutundika.

Mzee wa Ala: Leicester! Ungesema mapema. England na Wales, tangu 2008, upanga uliopinda wenye bapa la sentimita 50 au zaidi hauuzwi ovyo. Uwe wa kabla ya 1954, au umefuliwa kwa njia za jadi. Wa 1796 unapita sentimita 80. Taka maandishi kwa muuzaji.

Msasi77: Ongeza akiba ununue wa kale. Wilkinson, watengenezaji wa Uingereza walioacha kutengeneza panga 2005, walipiga namba kwenye mgongo wa bapa za maafisa. Unaujua umri wake.

BintiTaa: Halafu uliopinda huitwa kitara, jamani.

Msasi77: Kitara ni kifupi.

BintiTaa: Si lazima. Babu yangu Lamu alikuwa nacho kirefu, na alikiita kitara.

KutuNaChuma: Vyovyote mtakavyouita, usiuache ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hushika unyevu, bapa hula kutu.

Kozi_Bahari: Bado nawaza. Mafuta ya cherehani yanatosha, au nipake nta?