Kichwa cha dambeli si laina ya silinda: acheni kutuuzia chuma kisichojulikana kilikotoka

Mafundi wenzangu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kwa wiki tatu nimekuwa nikikereza laina ya silinda (bomba la ndani ambamo pistoni hupanda na kushuka) ya injini ndogo ya petroli, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 24, kutoka katika kipande cha chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ambacho muuzaji wa vyuma chakavu aliniapia kuwa kilikatwa kwenye kitako cha mashine kuukuu. Juzi, nikiwa nimebakiza mkato wa mwisho, likafunuka tundu la hewa katikati kabisa ya njia ya pistoni. Nikakipasua kwa nyundo. Ukingoni kilikuwa cheupe chenye kumetameta, ndani kijivu, na kwenye masalia yake nikaona alama hafifu ya tarakimu ya kilo iliyofutwa kwa grainda. Kumbe nilikuwa nakereza kichwa cha dambeli, chuma cha mazoezi ya kunyanyua!

Nimesikia mara nyingi mno, tena kwa watu wanaojiita wazoefu, kwamba chuma cha kusubu ni chuma cha kusubu tu. Si kweli. Anayesubu vyuma vya mazoezi hudaiwa kitu kimoja, uzito, kwa hiyo ana uhuru wa kuyeyusha chochote alichonacho bila kujali matundu wala ugumu. Chuma kikipoa haraka kwenye kalibu, hasa sehemu nyembamba na za ukingoni, kaboni haipati nafasi ya kujitenga kuwa vipande vya grafiti. Hubaki imefungamana na chuma, na hapo ndipo unapopata ule weupe ambao tupa huteleza juu yake kama juu ya kioo. Mimi uliniharibia ncha nne za kabaidi, zile ngumu za kukatia chuma, nami kwa ujinga wangu nikalaumu mashine. Tena ni grafiti hiyohiyo inayokifanya chuma cha kijivu kifae kwa silinda na ringi za pistoni, kwa kuwa hushika mafuta na kuzuia nyuso mbili zisikwaruzane.

Nitaambiwa ningekipasha moto kwanza. Ni kweli kwamba ukikifikisha kwenye nyuzi 900 hivi za Selsiasi, ukakiacha humo kwa saa kadhaa, kisha kikapoa polepole ndani ya tanuri au majivu, ugumu huo hupungua sana. Lakini moto hauzibi tundu la hewa, wala hautoi mchanga ulionaswa ndani.

Sipingi matumizi ya chuma chakavu. Ringi za injini yangu ya kwanza nilizitoa kwenye diski ya breki ya gari, na hadi leo zinashika mgandamizo vizuri, kwa sababu diski ile ilisubiwa na mtu aliyejua kwamba maisha ya watu yangeitegemea. Ninachopinga ni kumwambia anayeanza aokote tu, bila kumwambia achukue tupa ajaribu ukingo, atoboe tundu dogo aone kama linatoka vumbi jeusi laini au keekee inalia bila kula, na mkato wa kwanza aushushe hadi chini ya ganda gumu la nje badala ya kulikwaruza juujuu. Baya kuliko yote ni ushauri wa kufanya vyuma vya mazoezi kuwa flaiwili, lile gurudumu zito linalosawazisha mzunguko wa injini. Chuma cha kusubu ni dhaifu kinapovutwa, na gurudumu lenye ufa usioonekana, likizungushwa kwa kasi, linaweza kupasuka na kurusha vipande usoni pa aliyesimama mbele yake.

Muuzaji naye nilimrudia jana na vipande vyote mkononi nikidai fedha zangu. Akaviweka kwenye mizani, akaongezea kwa kukisia uzito wa vumbi nililolikereza, akaniambia kwamba yeye huuza kwa kilo, na kilo zangu zilikuwa kamili.