Hopsi zilizokwisha kutumika: zirudi sufuriani au ziende bustanini?

Kimea_Seattle
Wakuu, habari za leo. Jana nimehamishia chupani bia yangu, lita 20. Chini ya ndoo ya kuchachushia nikabaki na mfuko wa hopsi aina ya Citra, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, gramu 80 zilipokuwa kavu. Nilipoukamua bado ulinukia embe na ganda la chungwa, vidole vikabaki vinanata. Roho inaniuma kuzitupa. Nizichemshe kwenye bia ijayo nipate uchungu, nizitumbukize tena baridi nipate harufu, au nikazimwage bustanini? Na zile zilizochemka sufuriani, nazo zinafaa?

BabaNdoo
Chemsha, mkuu. Uchungu unatoka kwenye asidi za alfa, nazo hazitoi uchungu wa maana mpaka zichemke zibadilike umbo. Ndoo yako haikuchemka, kwa hiyo sehemu kubwa bado imo. Kilichopungua zaidi ni mafuta ya harufu.

Mimi mfuko ukitoka tu naukamua, natia kwenye plastiki, natoa hewa yote, naandika aina, tarehe na uzito wa hopsi zikiwa kavu, kisha friza. Usizipime zikiwa zimelowa bia, mizani itakudanganya. Siku ya kupika nazitia mwanzoni, zichemke dakika 60, nikizihesabia nusu ya nguvu yake: Citra yenye asidi za alfa asilimia 12 naiandika 6. Hamira iliyonasa humo isikutishe, ikichemka inakuwa chakula cha hamira mpya.

Bibi_Shayiri
Naungana na BabaNdoo, ila anza na bia nyeusi. Hiyo nusu ni makadirio, na kimea kilichokaangwa kinasitiri ukikosea kidogo.

Kutumbukiza tena baridi usijaribu. Nilifanya hivyo kwenye bia nyepesi, nikapata ladha ya majani kama chai iliyolala kwenye birika. Wiki mbili baadaye rangi ya dhahabu ikawa kahawia, na mdomoni ikawa kama karatasi iliyolowa. Hopsi zilikuwa zimeshapigwa na hewa, zikaingia nayo. Lita 20 zote nilimwaga, na uchungu wake sijausahau.

Msafiri_London
Zilizochemka: wapika bia wa zamani huku Uingereza walizichemsha tena kwenye maji mepesi ya kimea, wakapata bia ndogo. Lakini ilikuwa siku ileile, moto ungali unawaka. Ukipika bia mbili kwa siku moja, fanya. Vinginevyo zimejaa sukari, zitachacha upesi.

Mama_Mboji
Kuna mbwa hapo nyumbani? Hopsi ni sumu kwake, hata zikiwa zimechemshwa. Joto la mwili linapanda ghafla na anaweza kufa. Mimi natia kwenye pipa la mboji lenye mfuniko wa kukaza, simwagi kamwe wazi kwenye mashina ya maua.

Kimea_Seattle
Ninaye mbwa, na anafukua kila kitu. Asante sana mama. Mfuko umeshaingia friza, Jumamosi napika nyeusi. BabaNdoo, nitie zote 80?

BabaNdoo
Hapana, 50. Zote 80 zitakufikisha kwenye vipimo 60 hivi vya uchungu, na nyeusi ya kawaida inatosha na 35 hadi 40. Kwa kuwa huwezi kupima, ligawe bonge mafungu manane yaliyo sawa, utie matano.