Kumleta bibi Kampala: nani amewahi, na alikaa?

Kutoka: Mjukuu wa Kyaka

Salaam wote. Nasoma humu kimya tangu nihamie Kampala, sijawahi kuandika. Leo nina shida.

Bibi yangu yuko Kyaka, wilaya ya Missenyi, Kagera, mwendo mfupi tu kutoka mpakani Mutukula. Kitambulisho chake cha taifa kinasema amezaliwa 1950, ingawa mwenyewe anasema hiyo ni hesabu ya karani. Anaishi peke yake. Nyumba ina nyufa tangu lile tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Ufa wa upande wa migombani unapitisha kiganja. Ana presha. Mwezi uliopita aliteleza akitoka kuteka maji, akakaa pale chini mpaka mtoto wa jirani alipopita akitafuta mbuzi. Mimi niliambiwa siku ya tatu.

Nataka nimlete hapa Ndeeba tukae wote. Nina chumba na sebule, choo cha nje lakini kisafi, na mama mwenye nyumba ni mtu wa watu.

Baadhi yenu mtasema wazee wengi wanaishi peke yao. Ngoja niseme kwa nini nang'ang'ania. Mama alifariki 2000, nikiwa na miaka sita. Baba akabaki na gongo. Sitaeleza yote. Kuna kipindi nilikuwa nalala stoo ya kahawa, juu ya magunia, kwa sababu mlango ulifungwa kabla sijarudi na ndoo, na ukifunguliwa ni kwa ajili ya fimbo. Mama mmoja muuza dagaa ndiye aliyepeleka habari. Bibi alikuja kwa miguu, akafika saa mbili asubuhi. Hakugombana na mtu. Aliuliza tu, "Nguo zake ziko wapi?" Hazikuwepo. Akavua khanga yake ya juu akanifunga, tukaondoka. Baba alikuwa amelala. Sijui alishtuka saa ngapi kwamba sipo.

Akanilea kwa ndizi za kuchoma, pale njia panda ya Karagwe mabasi yanaposimama. Pesa alizifunga kwenye pindo la khanga, mafundo matatu. La kwanza la shule. La pili la chumvi na mafuta ya taa. La tatu hakuligusa hata siku tuliyolala na uji mtupu, na mimi nililichukia fundo lile kama mtu.

Sasa yeye Uganda hataki kuisikia. Majeshi ya Amin yalipoingia Kagera Oktoba 1978 alikimbia na mama yangu mgongoni, akavuka daraja la Kyaka kabla halijavunjwa. Nikimwambia nimekaa huku miaka sita na hakuna aliyenigusa, ananijibu neno moja: "Bado."

Naomba kujua: karatasi gani zinatakiwa mpakani kwa mzee? Dawa za presha zinapatikana bila kufilisika? Na walioleta wazee wao, waliwashawishi vipi?

Kutoka: Kijana wa Majengo

Dada, pole. Mimi nilimleta nyanya yangu kutoka Mombasa. Yeye ndiye aliyenilea pia, kwa hivyo nakuelewa bila kuelezwa zaidi.

Kuvuka kwetu ni rahisi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda tunatumia kitambulisho tu tangu 2014. Nyinyi Watanzania hamumo katika mpango ule, usije ukamsafirisha mzee ukitegemea kitambulisho.

Kuhusu kukaa: alikaa miezi minne. Nilikuwa napanga Old Kampala, orofa ya tatu, nikafikiri atafurahi kwa vile adhana ya ule msikiti mkubwa anaisikia kama iko chumbani. Alifurahi kweli, wiki ya kwanza. Lakini ngazi zile alizishuka mara moja akasema basi. Akawa anakaa roshani tangu asubuhi anahesabu bodaboda. Nikirudi jioni ananipa ripoti: leo mia mbili na kitu, mbili zimeanguka. Kwao Majengo hata hajanawa uso ashapigiwa hodi. Hapa hodi ya kwanza ni ya mtu anayedai kodi. Siku moja nilimkuta amefunga mzigo mwenyewe na kuvaa buibui, anangoja. Sikubishana naye.

Usimwahidi mtu yeyote kwamba anahamia. Mwambie anakuja kukuona.

Kutoka: Wakala Mutukula

Nafanya kazi ya forodha hapa mpakani, basi nijibu la karatasi tu.

Bibi awe na pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka uhamiaji, Bukoba panatosha. Awe na kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, nayo aipate mapema, si asubuhi ya safari. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki halipi viza, na anaweza kupewa hadi miezi sita, LAKINI soma siku ulizoandikiwa kwenye muhuri. Watu hawasomi, halafu wanalia kwangu. Siku hizi kutoka na kuingia mnagongewa jengo moja, kituo ni cha pamoja tangu 2017, mzee hatembei sana.

Kubadilisha pesa: ingieni dukani. Vijana wanaokufuata na bunda mkononi waache wapite.

Kutoka: Mama wa Uvira

Mimi nasema, mjukuu wangu anaandika. Mkiona makosa ni yake.

Nimesoma habari zenu nikacheka kidogo. Mimi ni bibi. Mnatuzungumzia kama mzigo wa kuvushwa: karatasi gani, siku ngapi, dawa gani.

Mimi nalea wajukuu watatu hapa Katwe. Mama yao alibaki njiani tulipotoka Kongo, baba yao hatujui. Nilipofika niliwaandikisha Ofisi ya Waziri Mkuu, inayoandikisha wakimbizi, wote wako kwenye karatasi yangu ya familia. Nawaambia walio na watoto wasio wa tumbo lao: karatasi ile itengenezwe mapema, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa mtaa, iwe ndani ya mfuko wa nailoni. Shule moja ilimrudisha huyu anayeandika mara mbili, eti mlezi wake ni nani. Nilikuwa nimesimama pale mbele yao. Elimu ya msingi ya serikali inaitwa ya bure tangu 1997, ndiyo, lakini kuna sare, kuna uji, kuna mitihani, kila wiki kuna kitu. Nauza vitenge nalipa kidogo kidogo.

Sasa wewe mtoto wa Kyaka. Bibi yako ana kuku wangapi? Umemuuliza? Nani anakuja kwake kuomba chumvi? Mimi nilitoka kwangu kwa risasi, sikuwa na la kuchagua, na mpaka leo nikiamka usiku mkono unatafuta mlango upande uliokuwa mlango wa Uvira. Yeye alishakimbia mara moja akarudi kwake. Ukimtoa tena, hata kwa upendo, mwili wake utajua ni kukimbia.

Umlete kutembea, ndiyo. Tena umlete kwangu, nitampikia sombe. Aksanti.

Kutoka: Kijana wa Majengo

Mama, nimenyamaza.

(Dada, la dawa nilisahau. Hospitali za serikali hapa zilifuta malipo 2001, ila dawa ya kila mwezi mara nyingi utaambiwa kanunue nje. Vidonge vya presha vya kawaida havifilisi mtu, kinachomaliza pesa ni kliniki binafsi na vipimo vyake. Na yule atakayekuambia kuna pesa za wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi: ni za raia wa Uganda waliofika miaka 80. Kwenu nasikia kuna dirisha la wazee hospitalini. Usimpotezee.)

Kutoka: Mjukuu wa Kyaka

Ndugu zangu, nimechelewa kuleta majibu. Bibi alikuja, na ameshaondoka.

Nilimwambia kama mlivyosema: unakuja kuniona. Alikubali siku hiyohiyo, nikaona aibu, maana miaka sita nilikuwa namwambia uhame na wala sikuwahi kumwambia njoo uone ninapolala. Hati ya dharura aliipata Bukoba, kadi akachanjwa. Mutukula alisimama katikati ya lile jengo akauliza, "Uganda iko wapi?" Afisa akamwambia, bibi, umeshaingia. Akamtazama kijana yule tangu viatu hadi kofia, kisha akasema kwa Kihaya kwamba ni mtoto mdogo tu. Afisa akaelewa, akacheka. Mwenzenu hilo sikulitegemea: mimi na Kiswahili changu mtaani bado naangaliwa kama mke wa askari, maana huku Kiswahili wanakiona cha wanajeshi, bibi na Kihaya chake anapatana bei na wauza matoke bila mkalimani. Bei yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Sasa najua nilikuwa naibiwa.

Lakini kubwa lilikuwa la mama wa mwenye nyumba, jjajja (bibi kwa Kiganda) wa watu pale uani, mzaliwa wa Masaka. Siku ya pili walikaa mkeka mmoja wanamenya matoke. Mimi nafua. Nasikia jjajja anauliza ametoka wapi, bibi anasema Kyaka, kisha kimya. Halafu jjajja akasema bakombozi walipokuja Masaka 1979 yeye alikimbilia porini na watoto wawili, mizinga inalia, na waliporudi mji ulikuwa kifusi. Bakombozi ni askari wetu, Watanzania. Nikaacha kufua. Bibi akaendelea kumenya mpaka akamaliza ile aliyoishika, akaiweka ndani ya maji, ndipo akauliza: "Ulibeba nini?" Jjajja akasema sufuria na mtoto. Bibi akasema, "Mimi mtoto na jembe. Sijui jembe lilikuwa la nini."

Wakacheka hadi jjajja akashika mbavu. Mimi nilikuwa nalia juu ya beseni, hakuna aliyeniangalia.

Alikaa siku kumi na saba. Ya kumi na sita nikajaribu tena, sikuweza kujizuia. Nikamwambia: ulinifuata kwa baba, na mimi nimekufuata, kaa. Alinitazama kwa muda, akasema, "Nilikufuata kwa sababu ulikuwa unalia. Mimi nalia?"

Nikakosa jibu. Kuku ni kumi na mmoja, mama wa Uvira, nilimuuliza. Anafahamu na mayai yaliko.

Asubuhi yake tukaenda paki kutafuta gari la Masaka. Kondakta anadai nauli, natoa simu nilipe, bibi akanishika mkono. Akafungua fundo la tatu. Ndiyo, lile. Ndani mlikuwa na noti za Tanzania zilizokunjwa kama dawa ya kienyeji. Akasema nauli yake anayo, amekuwa nayo tangu vita: akiambiwa kimbia, awe na ya kupandia gari yeye na mtoto. Miaka yote ile ya uji mtupu ilikuwa ni nauli yetu sisi wawili. Kondakta akazigeuza noti, akasema hizi hapa hazitumiki. Wakabishana, yeye Kiganda, bibi Kihaya, gari zima likawa upande wa bibi. Mwisho nikazipokea noti zile, nikalipa mimi kwa za Uganda. Alihesabu chenji mara mbili. Kisha akafunga fundo jipya na chenji ile ya Uganda ndani. Nikamuuliza ya nini, wakati Kyaka hazitumiki. "Za kurudia," akasema.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Kila mwisho wa mwezi nashuka Ijumaa jioni, nalala Masaka kama nimechelewa, Jumamosi niko Kyaka kabla ya chai. Ada ya kidato kwa binti wa jirani nalipa nusu mimi, naye analala kwa bibi na ana simu yenye namba yangu. Dawa anaendelea na dirisha la wazee palepale. Pesa ya fundi situmi tena kwa simu, awamu ya kwanza ilipitia kwa mjomba na ufa uko vilevile. Nalipa mwenyewe nikiwa nimesimama ukutani.

Mama wa Uvira, bibi anasema sombe ilikuwa tamu ila chumvi haikutosha. Nimemkanya, amesema nikuambie hivyohivyo.

Jambo la mwisho: kuna mtu ana gari anashuka Mutukula Ijumaa hii au ijayo? Nina godoro la inchi nne na taa ya sola. Mafuta nachangia.