Tupeane uzoefu: Wasichana wa Nyanda za Juu mliokutwa na PCOS (tatizo la homoni linalovuruga siku na kupevuka kwa mayai), mlijuaje?

Habari zenu, dada zangu. Nina miaka 24, nipo Uyole, Mbeya. Naanza na yangu ili mwingine apate ujasiri wa kusema.

Nilivunja ungo nikiwa na miaka 13. Kidato cha tatu siku zangu zikaanza kuruka, miezi mitatu, mara minne. Bwenini wenzangu walinionea wivu kwa sababu sikuwa nanunua pedi, na mimi nikaona ni neema. Kilichonitesa ni ndevu. Nilikuwa naamka kabla ya kengele, kwenye baridi ile ya Juni, nang'oa vinyweleo vya kidevuni kwa kibano mtu asinione.

Mwaka jana baada ya miezi mitano mikavu, damu ilitoka siku 19 bila kukata. Nilifika hospitali nashikiliwa. Daktari akanieleza taratibu: yai lisipopevuka, ukuta wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa, siku ukimomonyoka unatoka kwa fujo. Ukiachwa hivyo miaka na miaka, hatari ya saratani ya mfuko huo inaongezeka. Miaka yote ile niliita neema! Sasa natumia vidonge vya majira kupanga siku, ingawa sijaolewa, na mama ilibidi aelezwe mara mbili ndipo akubali.

Wengine mlijuaje?

Wa Tukuyu: Pole sana mwenzangu. Mimi shangazi alisema nimefungwa. Nikanywa dawa za kusafisha kizazi chupa kwa chupa, nikaharisha mpaka nikakonda, siku hazikuja. Baadaye ultrasaundi ikaandikwa nina vivimbe vingi kwenye ovari zote mbili, yaani viungo vinavyotoa mayai. Nililia njia nzima kwenye kosta nikijua nakwenda kupasuliwa. Kumbe si uvimbe wa kupasuliwa. Ni vifuko vidogo vya mayai yaliyoanza kukua yakaishia njiani. Hilo jina linatisha watu bure.

Wa Makambako: Kwangu ilianza shingo. Ilikuwa nyeusi, nene kama imekunjwa. Mama alinisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikachubuka, akisema sijui kuoga. Haikuwa uchafu, dada zangu. Ni insulini, homoni inayoratibu sukari, iliyozidi mwilini, na hiyo hiyo huzichochea ovari zitoe homoni za kiume kwa wingi. Nilipopewa metformini nilishtuka, maana bibi yangu anameza hizo hizo kwa ajili ya sukari. Sina sukari, ila nimeambiwa nipime mara kwa mara kwa sababu naweza kuipata. Nimepunguza soda na maandazi, natembea kwa miguu kwenda kazini. Sikupungua sana, lakini siku zimerudi.

Wa Kihesa, Iringa: Kamwene. Nina kilo 49. Sehemu ya kwanza waliniangalia tu wakasema PCOS ni ya wanene, nikarudi nyumbani. Miaka miwili ikapotea hapo. Wembamba nao wanapata, tafadhali msikubali kurudishwa hivyo.

Nesi, Njombe: Nimesoma zote, nimeumia. Niongeze kidogo. Kwa mtu mzima tunatafuta mawili kati ya matatu: siku kuvurugika, homoni za kiume kuzidi, iwe kwa ndevu, chunusi sugu au kipimo cha damu, na ovari kuonekana na vifuko vingi. Kwanza lakini tuhakikishe si mimba, wala tatizo la tezi ya shingoni au la homoni ya maziwa, maana hayo pia huzuia siku. Kwa binti ambaye haijapita miaka 8 tangu avunje ungo, ultrasaundi haitumiki kuamua, kwa sababu ovari za umri huo huwa na vifuko vingi kwa kawaida. Kwake lazima yale mawili ya mwanzo yawepo yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria hadi asilimia 70 ya wenye tatizo hili hawajui kama wanalo.

Wa Mafinga: Wifi zangu waliniita mgumba. Nilipewa letrozoli ya kupevusha mayai, mzunguko wa tatu nikashika mimba. Mwanangu ana miaka miwili. Na wewe uliyeambiwa una PCOS usidhani huwezi kubeba mimba ukajiachia, yai linaweza kupevuka mwezi usioutarajia.

Mwanzisha mada: Asanteni, ndaga. Nesi, nina swali. Mdogo wangu ana miaka 16, alivunja ungo akiwa na 13, uso umejaa chunusi. Jana nimemwomba kalenda yake, mizunguko miwili ya mwisho ni siku 52 na siku 60.

Nesi, Njombe: Kwa umri wake, zaidi ya siku 45 si kawaida tena. Mlete aonwe, na kalenda aje nayo.

Mwanzisha mada: Jumatatu tunakwenda. Nimemwambia nitakaa naye ndani kwa daktari, amekubali.