Acheni kusambaza uongo kuhusu asili ya neno "bosi"

Wakuu, hili sasa linakera. Neno "bosi" likitajwa tu, mmoja anaibuka kudai ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza, mwingine anaapa tumelitoa moja kwa moja kwa makaburu. Watu wanabandika na kupongezana bila hata kufungua kamusi.

Chimbuko lake ni Kiholanzi, baas, yaani bwana au mkubwa wa kazi. Waholanzi walikuwa na koloni Amerika Kaskazini, na mji wao New Amsterdam ulitekwa na Waingereza mwaka 1664 ukaitwa New York. Utawala ulibadilika, wakazi na maneno yao wakabaki. Kiingereza cha Marekani kikalichukua kama boss, na kufikia karne ya 19 limeshaenea, kwa sababu vibarua weupe hawakutaka kumwita mwajiri master, neno la mtumwa kwa bwana wake. Vifupisho vinavyotamkwa kama neno vilishamiri karne ya 20. Sasa hicho kifupisho chenu kilitoka wapi?

Na makaburu? Waholanzi walifika Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, mwaka 1652 na baas yao, ikabaki baas katika Kiafrikaana, lugha ya makaburu. Wakati wa ubaguzi, Mwafrika alilazimika kumwita hivyo mzungu yeyote. Sera yenyewe ya ukuu wa weupe iliitwa baasskap. Inauma, lakini si njia iliyotufikishia "bosi". Sikilizeni irabu! Baas ina "a" ndefu. Lingetoka huko tungesema "basi" au "baasi". Hiyo "o" ni ya Kiingereza. "I" ya mwisho tumeitia wenyewe, kama kwenye kesi, ofisi na notisi. Mkopo ukiishia na b au p mara nyingi tunatia "u": klabu, stempu, pampu.

Kwa hiyo kamusi inayoandika "Kiingereza" haijakosea. Inamtaja aliyetukopesha, si chimbuko. Tofautisheni hayo mawili kabla ya kuitukana.

Tena bosi si kisawe cha kiongozi. Kiongozi huongoza, hata kama hana uwezo wa kumwajiri wala kumfukuza mtu. Bosi ndiye mwenye uwezo huo. Kwenye barua rasmi andikeni mwajiri, msimamizi au mkurugenzi. Na wingi ni mabosi wamefika, si "bosi zimefika"!

Anayepinga alete andiko lenye mwaka, si picha aliyotumiwa kwenye simu.