Breki za ziada kwenye usukani wa kupinda: zile ndefu au vile vidogo vya juu?

Mvunja Upepo
Wakuu, nimepata baiskeli ya resi ya mtumba. Mgongo wangu hautaki kuinama, kwa hiyo muda mwingi nashika usukani pale juu, karibu na stemu (kile chuma kinachounganisha usukani na baiskeli), na breki ziko mbali. Naona kuna mikono mirefu inayofungwa kwenye breki yenyewe ikapita chini ya usukani, halafu kuna vile vidogo vinavyokaa katikati ya waya. Nichukue ipi?

Spoki 36
Zile ndefu achana nazo. Baiskeli za miaka ya 1970 zilijaa hizo na mimi nimezitumia. Siku ya mvua nilikuwa nateremka, nikaminya mpaka zikagota kwenye usukani, baiskeli bado inakwenda! Kile chuma kinapinda, na kinaishiwa nafasi kabla waya haujavutika vya kutosha.

Gia Moja
Unazionea. Sogeza raba karibu na rimu, kaza waya, zinapunguza mwendo bila shida.

Spoki 36
Kupunguza sawa. Kusimama je? Halafu zinakukosesha kushika juu ya vichwa vya breki, pale breki inapofungwa kwenye mkunjo wa usukani, mahali patamu kuliko pote.

Fundi wa Usiku
Chukua vidogo. Waya wa ndani unapita tu katikati yake. Ukiminya, kinasukuma ganda la waya kuelekea kwenye breki ya gurudumu, na raba zinabana vilevile. Ukiminya mkono wa breki kuu, chenyewe kinatulia tu. Watu wa saiklokrosi, zile mbio za baiskeli za kwenye matope na nyasi, wamevitumia sana.

Ila pima usukani pale kitakapokaa. Kuna vya milimita 31.8 na kuna vya usukani mwembamba, na usukani wa zamani huwa mnene katikati tu. Ganda likate kwa mkasi mkali wa waya, ncha iwe bapa, kisha uvike kofia yake. Ncha ikipondeka, breki inakuwa kama unaminya sifongo. Breki za mafuta usihangaike nazo, hivi ni vya waya.

Mvunja Upepo
Waya zangu zinachomoza juu ya breki kama antena.

Fundi wa Usiku
Hapo ndipo penye kazi. Hivi vinataka waya unaolala kwenye usukani, chini ya utepe. Itabidi ubadilishe mikono yote miwili ya breki kuu kwanza.

Mama Mlima
Mwanangu, kabla hujaanza kubomoa, stemu yako ina urefu gani? Mimi nilifunga vile vidogo, mwezi uliofuata nikaweka stemu fupi na kuinua usukani kidogo. Mikono ikahamia yenyewe kwenye vichwa vya breki. Vile vidogo vipo, vimejaa vumbi. Na ukishika pale katikati mikono imekaribiana, shimo moja tu usukani unakuponyoka.

Mvunja Upepo
Nimepima sasa hivi, mama. Milimita 120.

Mama Mlima
Tafuta ya 90, uendeshe wiki mbili, ndipo urudi kuulizia breki.